Lenzi Isiyopanguswa

Jumanne, tarehe 9 Juni. Mawingu mepesi tangu alfajiri, upepo haukuwepo, na kwenye saa nne jua lilichungulia kidogo kisha likarudi lilikotoka.

Siku hiyo dada yangu aliuona uso wangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Loo! Mdogo wangu, kumbe nawe umeota mvi?" alisema. "Na mbona umekuwa kijani kama kinyonga?"

Tulikuwa katika maabara ya chuo, chumba kirefu chenye madirisha yaliyozibwa kwa mapazia meusi. Dada alikuwa ameketi kwenye stuli, kidevu amekiegemeza kwenye kishikizo cha chuma. Mbele ya jicho lake la kulia palikuwa na kipande cha kioo chenye ukubwa wa kifungo cha koti, bapa kama sarafu. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimika. La kulia lilikuwa limekufa katikati tu, kwa hiyo ukisimama mbele yake aliona masikio yako, aliona mabega yako, lakini mahali pa uso palikuwa na ukungu. Daktari wa macho alisema hata hizo pembe zilizobaki zinakauka, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

"Kijani ni kwa sababu ya lenzi, Mama," alisema binti aliyeitengeneza. "Bado hatujaweza kuifanya ikusanye rangi zote mahali pamoja. Hii inashika kijani vizuri, nyingine tumezichuja."

"Kijani si kitu, mwanangu. Kwani majani hayana raha?"

Alitazama saa ya ukutani akaisoma kwa sauti. Aliinua mikono yake mwenyewe akaigeuzageuza. Akamtazama binti, akamwambia ana mwanya mzuri na asikubali mtu auzibe. Kisha akauliza, "Gumba yuko wapi? Hebu asimame hapa."

Gumba ni mume wake, shemeji yangu. Alikuwa ameegemea mlango, amevaa ovaroli yake ya kazi yenye vumbi jeupe la kusugulia vioo. Binti alimwita kwa mkono. Badala ya kusogea mbele, yeye alirudi nyuma hatua.

"Mimi leo sionekani," alisema. "Nimetoka kazini hivi hivi, ndevu kama brashi ya viatu. Umekaa miaka yote hiyo hujaniona, ndiyo uanze na hii?"

"Jamani, bwana harusi anaringa!" dada alisema.

"Aringe," Gumba alijibu. "Kesho jioni, nyumbani. Nikishaitia kwenye fremu utanitazama mpaka uchoke."

Tulicheka wote. Binti akaizima taa ya kijani, akaitoa lenzi kwa koleo lenye ncha za plastiki na kuilaza ndani ya kijisanduku chake.

Gumba alipata jina hilo akiwa kijana, katika duka la miwani la mzee mmoja aliyemchukua kufagia na kuchota maji. Mzee yule hakuwa na mashine za kupimia. Alisugua lenzi kwa mkono, kwenye bakuli la chuma, kwa unga wa mchanga na maji, kisha kwa unga mwekundu wa kung'arishia. Ikifika mwisho alipitisha kidole gumba juu yake, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza. Palipokuwa na kasoro kidole kilisita. Alimfundisha kijana wake vivyo hivyo, na kijana akawa hodari kuliko mwalimu. Hakuna lenzi iliyotoka dukani bila kupita chini ya kidole chake. Baadaye alipokuwa na duka lake, akanunua kipimo cha kisasa, alikifunika kitambaa na kuweka juu yake kopo la skrubu. Kidole kilitosha.

Dada yangu alimpata dukani humohumo. Alipeleka miwani ya mama yetu iliyokatika mkono. Fundi akamwambia njoo kesho. Kesho akamwambia skrubu haijafika, njoo keshokutwa. Ilipofika wiki ya tatu mama akauliza, "Hiyo miwani inatengenezwa au inachumbiwa?" Ilirudi nyumbani pamoja na posa.

Nawajua kwa sababu nimekaa nao. Tangu mke wangu alipofariki naishi chumba chao cha nyuma, asubuhi naenda kwenye bohari ninapotunza vifaa, jioni narudi nakaa kwenye benchi la wateja mpaka Gumba afunge duka. Mtoto wao mmoja yuko mbali na hupiga simu. Dada alikuwa fundi cherehani, na meza yake ilikuwa nyuma ya kaunta. Siku alipoanza kushona mkono wa shati kwenye kola, Gumba alimfungia cherehani taratibu. Tangu hapo dada alikaa kaunta akipokea wateja, akiwatambua kwa nyayo na kwa kingo za kofia zao.

Gumba alijaribu kumtengenezea kitu. Hii ndiyo kazi yake, angekaaje? Alisugua lenzi nene, akazipanga mbili mbili ndani ya mrija, ili picha ipanuke na kusukumwa kando, mahali ambapo jicho la mkewe bado liko hai. Ilifanya kazi kidogo. Lakini ilikuwa nzito kama kufuli. Ilimchimba puani, shingo ikauma, na baada ya muda mfupi dada aliivua na kuiweka mapajani.

"Mume wangu," alimwambia, "uso wako naupenda, lakini si wa kubebwa na pua."

Walikuwa na utani wao juu ya jambo hilo. Dada alisema mume wake hazeeki, kwa kuwa machoni pake alibaki na sura ileile ya siku ukungu ulipoingia. Gumba alijibu kwamba ndiyo faida ya kuoa mtu asiyeona vizuri. Wateja walicheka. Lakini mara moja, tukiwa wawili, dada aliniambia: "Kila siku moyoni namwona vilevile, na shati lilelile la bluu la siku ile. Naogopa, mdogo wangu. Naona nimeolewa na picha. Ningemwona mara moja tu alivyo sasa, kabla giza halijafunga, ningeichukua hiyo niingie nayo."

Yule binti wa chuo alikuwa mteja wa duka tangu utotoni. Miwani yake ya kwanza ya shule aliitengeneza Gumba, na hata alipokuwa mtafiti aliendelea kumwita Baba. Siku moja alikuja kurekebisha fremu, akamkuta dada ameushika ule mrija mzito mapajani. Akaishika kazi ile, akaitazama, akasema: "Baba, na kama lenzi isingekuwa na unene kabisa?"

Alitueleza palepale kwenye kaunta. Lenzi ya kawaida ni nene hapa na nyembamba pale, na mwanga ukipita kwenye kioo hupunguza mwendo; penye kioo kingi huchelewa zaidi. Ndiyo maana unapinda na kukusanyika. Yeye na wenzake hawasugui kioo. Wanaweka juu ya kioo bapa nguzo ndogo, ndogo mno hata unywele ukiulaza kando yake unakuwa kama gogo. Nyingine nene, nyingine nyembamba, mamilioni yake. Kila nguzo inauchelewesha mwanga unaopita ndani yake kwa kiasi chake.

"Kama kuwaita watu harusini," alisema. "Wengine wanakaa jirani, wengine mbali. Ukitaka wote waingie mlangoni kwa pamoja, wa jirani unamchelewesha kwa maneno mawili matatu, wa mbali unamwacha apite. Sasa mimi naweza kuchagua mlango. Hata ukiwa pembeni ya jicho."

Gumba aliuliza, "Na kidole kitasikia nini?"

"Kidole hakitasikia kitu, Baba. Ni bapa. Tena usithubutu kuigusa."

Binti alilipima jicho la dada mara kadhaa. Lenzi ilitengenezwa nje ya nchi, kwenye mashine ambayo watafiti wengi huisubiri kwa zamu, na zamu yao ilichukua karibu mwaka kufika. Ilikuja moja tu, imetengenezwa kwa jicho lile na si jingine. Fremu za maabara zilikuwa za chuma cha majaribio, nzito, kwa hiyo binti akamwomba Gumba atengeneze fremu nyepesi. Nani angeweza zaidi yake? Fremu hiyo ilikuwa na mfuo mmoja, mfereji mwembamba wa kushikilia lenzi, na mbele yake mfuo wa pili wa kioo cha kawaida cha kuikinga.

"Shika kingo tu," binti alisema Jumanne ile, akimkabidhi kijisanduku. "Upande wenye rangi za upinde wa mvua ndio wenye nguzo. Ukishaitia, weka kioo cha kinga mara moja. Hapo hata mvua inaweza kuipiga."

"Nimekusikia, mwanangu. Mimi si mgeni wa kioo."

Jumatano kulikuwa kukavu, jua la wastani. Mchana Gumba alikwenda kwa kinyozi. Alirudi kidevu kinang'aa, ananukia spiriti, amebeba shati jipya ndani ya mfuko wa karatasi. Halikuwa la bluu. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akasema wazi kwamba mtu akiliegemea atamjua yeye ni nani. Dada alikuwa nyumbani akisubiri. Gumba alikuwa amemkataza asije dukani siku hiyo. Mimi nilikuwa nimewahi kutoka bohari, nimekaa kwenye benchi.

Gumba alinawa mikono hadi viwikoni. Akatandika kitambaa cheupe mezani. Akaitoa lenzi kwa koleo alilopewa, akaishusha kwenye mfuo bila kutetema, akakaza skrubu ndogo kwa bisibisi, robo mzunguko huku, robo kule, isije ikabanwa upande mmoja. Sikumwona akivuta pumzi. Ilipokaa vizuri aliinyanyua fremu dirishani. Rangi zilipita juu ya kioo, zambarau, kijani, nyekundu ya kutu, kama mafuta juu ya maji. Kioo cha kinga kilikuwa pale mezani, upande wa mkono wake wa kushoto, karibu kabisa.

"Imekaa," alisema. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya lenzi.

Hata mimi sikushtuka. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo jioni zote za maisha yangu katika benchi lile. Lenzi imekamilika, kidole kinapita, basi. Ni kama mtu anayefunga mlango na kuusukuma kidogo kuhakikisha.

Alifumbua macho. Katikati ya zile rangi palikuwa na doa la kidole, mistari yake yote inaonekana. Na hapo, kabla akili haijafika, mkono ulifanya kile ambacho mkono wa fundi miwani hufanya akiona doa. Aliipulizia pumzi ya joto, hoo, akachukua kipande cha ngozi laini kutoka mfukoni, akaipangusa kwa kuzungusha, vizuri, mpaka kingoni.

Ndipo akasimama. Ngozi ilikuwa bado mkononi.

"Shemeji," alisema taratibu. "Shemeji, nimefanya nini?"

Rangi hazikuwepo. Palikuwa na weupe wa maziwa katikati, na upinde wa mvua umebaki kama uzi pembeni. Aliielekeza kwenye balbu na kuweka karatasi nyuma yake, kama alivyoonyeshwa. Kabla ya hapo kingetokea kidoa cha kijani chenye ncha kali, kimetupwa kando. Sasa karatasi ilikuwa na ukungu tu. Aliigeuza. Akaisogeza. Akaizima balbu na kuiwasha, labda kosa ni la balbu.

Nilimpigia binti simu, akafika kabla jua halijazama. Aliichukua fremu, akaiinamisha huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Hakuhitaji darubini.

"Baba, umeipangusa?"

"Nimeipangusa."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na alama ya kidole."

Binti alikaa kwenye benchi kando yangu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Alama ningeiosha. Tuna dawa yake. Kupangusa ndiko kumezilaza."

"Zote?"

"Za katikati. Ndizo zilizokuwa za Mama."

Gumba alitikisa kichwa kama mtu anayeelezwa bei. Akauliza kama wanaweza kutengeneza nyingine. Binti alimwambia ukweli, na namheshimu kwa hilo. Mchoro upo, lakini zamu ya mashine ni mwakani, wakibahatika. Na jicho la dada halitakuwa hili tena. Vipimo vya sasa havitafaa, na huenda pasiwe na kitu cha kupima.

"Ningeitia mwenyewe kioo cha kinga," binti alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi nilitaka fremu nzuri."

"Nyamaza, mwanangu. Uliniambia. Masikio yalisikia. Kidole hakikuwa na masikio."

Tulifunga duka. Aliacha shati jipya kwenye msumari.

Nyumbani dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amesuka nywele upya, amevaa hereni. Alisikia nyayo zetu na akatabasamu kabla hatujaingia.

"Umenyoa. Naisikia spiriti mpaka huku. Basi leo ndiyo leo?"

"Leo siyo, mke wangu."

"Fremu haijakamilika?"

"Fremu imekamilika." Alichuchumaa mbele yake, akaishika mikono yake. "Lenzi nimeiharibu."

Dada aliinuka nusu. "Imevunjika? Umejikata?"

"Haikuvunjika. Iko nzima."

"Sasa kama iko nzima imeharibikaje?"

Nilifikiri Gumba atamweleza juu ya nguzo na mwanga, lakini hakuweza. Alisema tu, "Nimeipangusa."

Dada akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. "Umeipangusa! Miaka yote unanigombeza nisipanguse miwani ya watu kwa gauni. Pangusa kwa ngozi, mwanamke, pangusa kwa ngozi. Kumbe kwa ngozi pia." Kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Gumba alikaa sakafuni, mgongo kwenye kiti chake. Sikujua niende wapi, nikabaki nimesimama na funguo za duka mkononi.

Alipotulia alisema, "Ungekubali jana. Ungekubali na ovaroli yako na vumbi lako."

"Nilitaka unione vizuri."

"Nani alitaka vizuri? Nilitaka nikuone."

Mtaani mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu, tukausikia mpaka ulipokata kona.

"Haya, niambie basi," dada akasema. "Ukoje sasa?"

"Niko vilevile."

"Muongo." Akageuza uso upande wangu, kwenye bega langu kama kawaida yake. "Mdogo wangu, wewe una macho. Ni kweli yuko vilevile?"

Nilimtazama Gumba pale sakafuni. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kinyozi alikuwa amezinyoa mvi zote za kidevu, ila za nyusi zilikuwa pale pale, na macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Yeye hakunitazama.

"Yuko vilevile, dada," nilisema.

"Na shati la bluu?"

"Na shati la bluu."

Dada alitikisa kichwa polepole. Sijui kama aliniamini. Aliomba asaidiwe kuvua hereni, maana zilimuuma.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, kulikuwa na ukungu na baridi. Gumba aliamka mapema kuliko desturi. Nilimsikia akipekua droo ya dawa, kisha akaenda kukaa kitandani karibu na dada na kumpa kipande cha plasta.

"Nifungie kidole."

"Kumbe ulijikata?" Dada alikishika kidole gumba, akakipapasa kwa ncha za vidole vyake, mbele na nyuma, akitafuta kidonda. Hakukipata. Alikipapasa tena. Kisha akaifungua plasta, akaizungusha kwenye kidole cha mumewe taratibu, akaibana mwisho wake vizuri isije ikafunguka.

Niliondoka pamoja na Gumba. Alifungua duka, akalikunja shati jipya na kulirudisha ndani ya mfuko wake wa karatasi. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu aliyekuja kuchukua miwani yake ya kusomea.

"Pole, fundi. Umeumia kidole?"

"Kidogo," Gumba alisema.

Alishusha kopo la skrubu, akakiondoa kitambaa kwenye kile kipimo, akapuliza vumbi. Kisha akaishika lenzi ya mwalimu kwa kingo zake, kidole gumba amekinyoosha kando kisiiguse, akaiweka chini ya kipimo na kuinama kusoma.